Mwaka mzima nilikagua ndimi za panya, ulimi wa Mzee Silasi nikauogopa

Wakuu, habari za jioni. Hii sijasimuliwa, nilikuwepo, na sehemu yangu mbaya sitaificha.

Nimekulia Mwanza, nikarudi kwetu Kigali kutafuta maisha. Nikapata kazi kwenye maabara moja ya utafiti, kutunza panya.

Project ilikuwa ya kansa ya mdomo. Panya wanawekewa kemikali kwenye maji ya kunywa, sisi tunafuatilia ndimi zao zinavyobadilika.

Mnaotaka kunishambulia, hata mimi niliwahurumia. Niacheni nimalize.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Silasi wa Gisozi, mtaa wa hapo hapo Kigali. Kila Jumatatu yeye anamshika panya, mimi namulika tochi mdomoni natafuta doa jeupe, dalili ya mwanzo ya kansa. Likionekana linaandikwa siku hiyo hiyo. Hapo mzee hakuwa na mchezo.

Na alikuwa anaimba nyimbo za kanisani, sauti nzito, eti panya akisikia wimbo hang'ati. Mimi walining'ata sana tu.

Nakimiss kile chumba jamani. Hata harufu ya maranda ya kutandikia panya aliyokuwa anatuletea kutoka kwa mafundi seremala wa kwao.

Jumatatu moja mzee akacheka sana, tochi yangu ikiwa inawaka. Pembeni ya ulimi wake nikaona doa jeupe. Na mzee alikuwa mtu wa kiko tangu ujana.

Nikamulika panya aliyefuata.

Unamwambiaje mtu wa umri wa baba yako atoe ulimi umkague? Niliona ni kukosa adabu. Panya wote niliwaandika siku hiyo hiyo, mzee nikamwacha miezi mitatu.

Siku nilipojikaza, nikamwomba nione ulimi wake.

"Eh, sasa mimi iko panya yako?"

Lakini akafungua. Nilichelewa kuzima tochi, akaelewa.

"Iko nyeupe?"

"Yego, ndiyo mzee."

Akaweka kiko mezani. "Basi andika."

Hospitali walikuta ni kansa, wakakata kipande cha ulimi. Daktari alisema angewahi, wangekata kidogo zaidi. Hiyo sentensi bado inaniuma.

Yuko hai, namshukuru Mungu. Project iliisha, chumba sasa ni stoo.

Kila nikienda Gisozi, kabla ya salamu ananitolea ulimi, namulika na simu. Kisha tunaimba. Maneno hayamtoki vizuri siku hizi, kwa hiyo yeye anaguna tuni, maneno naimba mimi.

Nilichojifunza: heshima yangu ilikuwa woga tu. Wewe ungemwambia siku ile ile? Semeni ukweli wakuu, nasoma zote.