Jogoo kwenye Buti la Bosi

Nipo field, mafunzo ya vitendo ya chuo, kwenye ofisi ya wakaguzi wa hesabu hapa Mpanda. Bosi alinionya mapema: ukipokea kitu kwa mteja, field yako imeishia hapo.

Juzi tulikwenda kukagua hesabu za mashine ya kukoboa mpunga. Mama mwenye mashine akaniita pembeni, akanipa jogoo.

"Mwanangu, ukale na wenzio."

Kwetu Mpimbwe, ukikataa kuku umemtukana aliyekupa. Nikampokea, nikamficha kwenye buti la gari la bosi.

Njiani jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Tulipofika Misunkumilo, mkurugenzi wetu akapiga simu kutoka Dar, bosi akaweka spika.

"Huyo mwanafunzi anafuata maadili?"

"Huyu? Hapokei hata maji."

Nyuma yetu, jogoo akawika.