Siku Niliyowaamuru Watoto Saba Wateme

Jumatatu hiyo, watoto saba wa darasa langu waliingia wakiwa na sura moja.

Mashavu yamefura hadi chini ya masikio, kila mmoja kama aliyeficha ndimu mbili mdomoni.

Mimi ni mwalimu wa utaratibu. Hata chaki nazipanga kwa urefu. Nikadhani ni njama.

"Simameni. Temeni pipi zote hapa, kwenye kikapu."

Wakatazamana.

"Mwalimu, hatuna pipi," akasema mmoja, ameshika taya. "Hata mate kuyameza kunauma."

Nikagusa shavu lake. La moto.

Niliwarudisha nyumbani wote saba. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Kabla ya mapumziko, Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni.

"Wiki ijayo tuna wakaguzi, nawe unafukuza watoto?"

"Sijafukuza, Mkuu. Nimewapumzisha."

Akashusha sauti. "Aliyeleta balaa hili tunamjua." Akaelekeza kidevu kwenye dawati la nyuma.

Pale alikaa binti aliyehamia mtaani kwetu siku tisa zilizopita. Wenzake walimwita Mgeni. Mama yake alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa kibarazani, ng'ambo ya barabara ya shule.

"Mbona yeye haumwi?" nikauliza.

"Ndiyo hatari yenyewe. Wazazi wameshanipigia simu, wanakuja Jumatano. Wanataka aondoke."

"Basi watanikuta."

"Mwalimu, usinitunishie misuli."

"Situnishi. Nimesimama tu."

Mchana nilikwenda zahanati. Muuguzi, mama mmoja mwenye maneno yake, alikwishawaona watano kati ya wale saba.

"Matubwitubwi," akasema. "Ni virusi. Vinasafiri kwa mate: kukohoa, kupiga chafya, kuchangia kikombe."

"Wazazi wanadai antibayotiki."

"Hizo ni za bakteria, kwa virusi hazifui dafu. Hawa wanataka mapumziko, maji ya kutosha, chakula laini na dawa ya maumivu. Wakae nyumbani siku tano tangu uvimbe uanze. Lakini shingo ikikakamaa, mtoto akitapika bila kukoma au mvulana akiumwa korodani, waniletee mbio."

"Na Mgeni?"

"Mama yake amekuja hapa asubuhi akilia kwa lawama za watu, kadi ya chanjo mkononi. Binti alichanjwa huko walikotoka. Tena ugonjwa huu hukaa wiki mbili hadi tatu mwilini kabla ya kuvimbisha. Yeye ana siku ngapi kwenu?"

"Tisa."

"Hesabu imemtoa. Mtafute aliyeumwa kama siku kumi na saba nyuma."

Nilirudi shuleni na furaha ya mtu anayekwenda kushinda kesi. Nikafungua rejista.

Siku kumi na saba nyuma, Ijumaa. Hakuna mtoto aliyekosa. Hakuna aliyeumwa.

Nikafungua shajara yangu ya kazi. Mwandiko ni wangu mwenyewe:

"Jino linauma, taya imevimba. Nimefunga kitambaa, nimefundisha vipindi vyote. Alasiri: kikundi cha usomaji, wanafunzi saba."

Chini yake, majina saba.

Walikuwa ni walewale.

Kitabu kilikuwa kimoja. Walinizunguka vichwa vikigusana, nami nikifunua kurasa kwa mtindo wangu wa miaka yote: nalamba kidole, nafunua, nalamba, nafunua. Kisha kitabu kikapita mikononi mwao.

Nikampigia muuguzi simu.

"Jino lenyewe uling'oa?"

"Hapana. Lilipona lenyewe."

"He! Mwalimu, jino gani hilo lina adabu namna hiyo?"

Nilipomweleza Mwalimu Mkuu, alifunga mlango kwanza.

"Una cheti cha miaka kumi na mmoja bila kukosa kazini. Leo ukajipake matope mbele ya wazazi? Acha binti ahame, mambo yaishe."

"Heshima ya kumvua mtoto nijivike mimi siitaki, Mkuu."

Jumatano darasa lilijaa wazazi. Mama mshonaji alikaa na futi yake ya kitambaa shingoni, viti vya pande zake zote mbili vikiwa vitupu.

"Huyo mtoto aondoke!" alifoka baba mwenye duka.

Nikasimama.

"Aliyeleta ugonjwa yumo humu ndani, na ninamjua kwa jina."

Mama mshonaji akainamisha kichwa.

"Ni mimi."

Nikawasomea shajara, neno kwa neno, kisha nikaongeza habari ya kidole.

Mwenye duka akauliza, "Sasa Mwalimu, tukufukuze wewe?"

"Mkiamua hivyo, sawa. Ila Mgeni habanduki kwenye dawati lake. Na mtoto yeyote akiumwa nitamrudisha nyumbani, wakaguzi waje wasije."

Mama mshonaji akainua uso. "Na hiyo taya, Mwalimu, imepona?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akahamia kiti cha kando yake.

Sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo. Nyumbani nimeitundika ukutani, mahali palipokuwa na kile cheti.

Wiki mbili baadaye, wale saba wakiwa wamerudi na mashavu yao ya kawaida, nilifungua kitabu cha hadithi. Kidole kikaanza safari ya mdomoni.

"Mwalimu, kidole!" Mgeni akapaza sauti kutoka nyuma.

Darasa zima likaangua kicheko. Nikakishusha kidole changu, nikafunua ukurasa kikiwa kikavu.

Wewe unayesoma haya huku ukijikokota kwenda kazini na homa, ukijiona shujaa: nami nilijiona hivyo miaka kumi na mmoja. Baki nyumbani. Wakubwa wakinuna, wanune.

Na siku utakapotaka kumnyooshea mtoto wa watu kidole, kitazame kwanza. Angalia kimetoka wapi.