Kidani Kisicho na Rangi

Wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wakifunga virago Nachingwea, maduka ya Wahindi yalibaki na mapambo ambayo wake wa Wazungu hao hawakuyanunua. Mimi nilikuwa nimeolewa Marambo, jirani na hapo. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mnisamehe nikichanganya mambo. Nafuata daftari langu la wakati ule, ambalo nalo siliamini lote.

Mama alikuwa Ruangwa. Alinitumia habari kwa mnunuzi wa ufuta kwamba mdogo wangu anatoka unyagoni, nimtafutie ushanga mweupe wa shingoni nije nao, maana wasichana wa kutolewa mwaka ule walikuwa wengi na duka la pale limeishiwa. Kwetu mwali hatolewi mbele ya watu bila cheupe shingoni. Asipokuwa nacho wenzake wanatoka, yeye anabaki ndani, na watu hawasahau.

Dukani mke wa mwenye duka alinitolea vidani viwili. Kimoja kilikuwa na punje nyeupe kama maziwa. Cha pili alikiita kristali: kioo kizito, kila punje imechongwa pembe pembe, hakina rangi yoyote. Sikumwambia nakitakia nini, na hilo ni kosa langu, si lake. Yeye alinielekeza vizuri. Weka punje shavuni, alisema, kioo kizuri kinakaa baridi. Tazama uzi, uwe na fundo kati ya punje na punje, ukikatika usipoteze zote. Kisha akakiinua kuelekea mlangoni, na rangi zikamwagika mezani mpaka kwenye mkono wangu, nyekundu, kijani, zambarau. Nikachukua hicho. Nilijiambia ni cheupe. Labda nilitaka tu kukitazama njiani, sina hakika.

Nilifika Ruangwa kwa lori la ufuta, jioni ya kuamkia siku yenyewe. Shangazi, dada yake baba, alikipokea akakigeuzageuza kiganjani.

"Mwanangu, mama yako alikutuma cheupe," alisema. "Wewe umetuletea maji."

Wanawake wakacheka. Nikajitetea kwamba ni cheupe, ila kimetakata sana. Akaniuliza kama maziwa ya Marambo nayo yametakata hivyo. Akasema mengine, juu ya mtu aliyekaa darasani miaka mitatu asijifunze rangi, nami nikayaandika yote daftarini kwa hasira. Kurudi Nachingwea kubadilisha haikuwezekana tena.

Asubuhi akaja kungwi, mama mtu mzima ambaye neno lake ndilo la mwisho. Alikiweka shingoni mwa mdogo wangu. Kidani kikachukua rangi ya ngozi yake, weupe hamna hata kidogo. Mdogo wangu aliniangalia mara moja tu, akainamisha kichwa.

Kungwi akaomba kitambaa cha bafta nyeupe. Akamzungushia shingoni mpaka kifuani, akakilaza kidani juu yake, akarudi nyuma hatua mbili.

"Juu ya cheupe, nacho ni cheupe," alisema. "Mtoeni."

Mdogo wangu akatoka pamoja na wenzake. Mambo ya ndani siyaandiki, lakini ya nje naweza: jua lilipompata, rangi zile za dukani zilimchezea kifuani, na mama yangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Baadaye, tukipakua chakula, kanga ya shangazi ililegea nikamsaidia kuifunga. Pindoni palikuwa na fundo, na ndani ya fundo ushanga wake mweupe, ule ambao sikumbuki kumwona hajauvaa. Nikamuuliza. Akajibu huku akiendelea kupakua wali kwamba aliogopa kungwi angekikataa kidani changu.

"Mtoto abaki ndani kwa ajili ya macho yako?" alisema.

Daftari langu lina kejeli zake, ukurasa mzima. Habari ya fundo haimo. Sidhani nilisahau, nadhani iliniharibia hasira yangu. Kwa hiyo naiandika leo, pamoja na ahsante ambayo sikuwahi kumpa. Na kwa kuwa nataka kuandika yote, naongeza hili: ushanga ule ulikuwa umeshatungwa upya, uzi mpya, umefupishwa kwa kipimo cha shingo ya mdogo wangu.