Hatua Sita Kutoka Benchi la Seremala

Mama Pindo, fundi cherehani, hakuwahi kufikiria kwamba atakuja kushona nguo za watu katikati ya vumbi la mbao. Kwa miaka ishirini na mitatu chumba chake cha kushonea kilikuwa upande huu wa ua, karakana ya mumewe seremala upande ule, na kati yao salamu za asubuhi na "chakula tayari". Ugomvi haukuwepo. Maneno yaliwaishia tu, kila mmoja akashika zake.

Kisha siku moja sukari ya mzee ikashuka akiwa peke yake, akaokotwa chini ya benchi la kazi hajitambui. Binti yao, nesi, akambandika mkononi kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, kinachopima sukari na kutuma majibu kwenye simu kwa bluetooth. Sukari ikianza kushuka, simu inalia. Ila mzee na simu hawapatani: ya kwanza aliitumbukiza kwenye gundi, ya pili akaipigilia misumari ndani ya kabati la mteja. Ikaamuliwa simu akae nayo mama.

"Betri ya kidude ni ndogo, mama, mawimbi yake hayafiki mbali," nesi alisema. "Ukuta ukiwa katikati, ndiyo basi kabisa."

Wakajaribu. Chumbani kwa mama, kimya. Uani, kimya. Hatua sita kutoka benchi la seremala, vipimo vikatokea. Mama Pindo akachora alama kwa chaki yake ya kukatia nguo, na cherehani ikawekwa hapo hapo.

Mwezi wa kwanza alinung'unika kutwa. Unga wa mbao ulijaa kwenye magauni, bibi harusi mmoja akapiga chafya mpaka pini zikachomoka. Mzee naye alidai cherehani inampigia kelele, yeye mwenye randa ya umeme! Lakini utakaaje hatua sita na mtu kutwa nzima usiseme neno? Simu ikilia, Mama Pindo alimpelekea juisi, naye akainywa ameketi. Vikao hivyo vikarefuka. Mzee aliigiza wateja wake, mmoja mmoja, na mkewe akacheka hadi mshono ukaenda upande. Alikuwa amesahau kabisa kwamba aliolewa na mcheshi.

Juzi nesi akaja na saa ya mkononi.

"Hii inapokea vipimo yenyewe, mama, na itamtetemesha mkono. Sasa uko huru, rudi chumbani kwako."

Uhuru gani huo? Mama Pindo alishukuru, lakini moyo ulimwuma. Kesho yake alikunja vitambaa taratibu, kimoja baada ya kingine, akingoja mzee aseme kitu. Mzee alipiga randa tu. Vitambaa vikaisha.

"Njoo unishikie huku, baba watoto."

Wakainua cherehani na meza yake. Kufika mlangoni, mzee akatua upande wake.

"Umechoka?"

"Hapana." Akaitazama ile saa. "Hii inajua habari za sukari tu."

Mama Pindo aligeuza uso, machozi yakimlengalenga, na hakutaka yaonekane.

"Basi inua turudi," akasema. "Mkono unaniuma."