Mlio wa Pili

Gereji nzima ilimwita Sikio, naye jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa fundi wa milango ya magari, na kitasa kibovu alikitambua kabla hajalegeza skrubu hata moja. Unafunga mlango mara moja tu mbele yake, anainamisha kichwa, anakutajia ugonjwa. Basi mtu mzima huyo, na heshima yake yote, akaja kuliwa roho na wivu juu ya shemeji yake mwenyewe.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, Sikio mwenyewe ndiye aliyemleta kazini. Shemeji alikuwa akiuza viatu, biashara ikafa, dada mtu akamsihi mumewe amfundishe kazi. Sikio akakubali. Siku ya kwanza alimwekea kitasa mezani na kumweleza polepole: humu ndani mna chuma chenye mdomo kama uma, na pembeni yake jino dogo linalosukumwa na springi. Mlango ukifungwa, pini iliyoko kwenye nguzo ya gari inaingia mdomoni mwa uma, uma unazunguka na kuibana, na jino linaunasa ili usirudi nyuma. Linanasa mara mbili. Mlio wa kwanza, mlango umeshika nusu tu, usiuamini hata kidogo. Mlio wa pili ndio umefunga. Ukivuta mkono wa mlango, jino linanyanyuka, uma unaachia, pini inatoka. Hakuna uchawi, alimwambia.

Loo, laiti angejua! Miaka mitatu haijaisha, mtu yule akawa fundi, tena fundi hasa. Wateja walimpa jina la Laini, kwa kuwa milango yake ilifungika kwa kidole kimoja. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mke akipakua chakula, ni mdogo wangu kasifiwa. Akitandika kitanda, ni mdogo wangu kaulizwa na mteja kutoka mbali. Sikio alitafuna kimya, donge limemkaba kooni. Na Laini hakuwa hata na majivuno ambayo mtu angeyashika amchukie nayo vizuri. Kila aliyemsifu alimjibu kwamba amefundishwa na shemeji yake. Hilo ndilo lililomchoma Sikio kuliko yote, maana sasa hata kwa unyenyekevu alikuwa ameshindwa.

Ndipo likaja gari la zahanati, ambalo mlango wake wa pembeni ulifunguka wenyewe kwenye kona. Zahanati ilikuwa na magari sita, na mama mwenye gereji alitaka kuyapata yote. Akatangaza wazi kwamba mlango huu ukimridhisha dereva, aliyeutengeneza atakuwa msimamizi wa kazi zote za milango. Dereva alipoulizwa anataka fundi gani, akamtaja Laini. Sikio alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

Laini alifanya kazi siku nzima. Alisafisha kitasa, akabadilisha springi iliyochoka, akapaka grisi mpya ya rangi ya buluu, akakifunga mahali pake. Mlango ukiwa bado wazi, aliujaribu uma kwa bisibisi: mlio wa kwanza, mlio wa pili. Akavuta mkono wa mlango, uma ukaachia, kama alivyofundishwa. Kisha akaenda kunawa.

Kuna kosa moja la kipuuzi katika kazi hii, na karibu kila fundi amelifanya mara moja. Unajaribu kitasa mlango ukiwa wazi, halafu unasahau kuvuta mkono wa mlango. Uma unabaki umefumba mdomo. Anayekuja kuubamiza mlango anagonga pini kwenye uma uliofungwa, chuma kwa chuma, mlango unaruka nyuma na kitasa kinapinda. Fundi wa namna hiyo huchekwa mwaka mzima.

Sikio alitazama huku na huku. Akachomoa bisibisi yake mfukoni, akausukuma uma mara mbili, akaondoka. Alipofika kwenye meza yake alijifanya anatafuta spana.

Mama mwenye gereji akaja na dereva, Laini akawafuata akijifuta maji. Dereva alinyoosha mkono aufunge mlango, Laini akamzuia.

"Subiri kidogo, kaka. Mlango wangu haufungwi na mtu kabla shemeji hajausikiliza."

Mama akamwita Sikio. Alikuja, akashika mlango, wote wakanyamaza kumpisha asikie. Akiubamiza, atavunja kitasa kwa mkono wake mwenyewe mbele ya macho yote. Akavuta mkono wa mlango. Uma ukaachia kwa mlio mmoja mkavu.

Mama alielewa papo hapo. "Laini, ulitaka kutuaibisha mbele ya mteja?"

Laini alikitazama kitasa. Kisha akaitazama bisibisi iliyochungulia mfukoni mwa Sikio, ncha yake ina grisi ya buluu.

"Nimesahau, Mama," akasema. "Ndiyo maana nilitaka shemeji aangalie kwanza."

Sikio akaufunga mlango. Mlio wa kwanza, mlio wa pili, safi, laini kuliko wowote aliowahi kuutengeneza yeye. Dereva akaridhika, na mama akatangaza hapo hapo kwamba msimamizi ni Sikio, aliyeliona kosa. Mafundi wakapiga makofi. Laini naye akapiga.

Jioni mkewe alimpakulia yeye kwanza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Mdogo wake alikuwa amepita kumsimulia jinsi shemeji alivyomwokoa. Mke alimsifu mumewe muda wote wa chakula. Sikio alitafuna kimya, donge liko pale pale. Lililomkaba safari hii ni kwamba aliyenyamaza leo ni Laini, ambaye aliiona grisi kwenye bisibisi na kuibeba aibu isiyo yake.