Neno Moja na Kwelea wa Mama

"Mapokezi anakaa mtu aliyefaulu Kiingereza," bosi wangu aliniambia. "Wewe endelea na mashuka."

Alikuwa mama mwenye gesti kando ya barabara kuu pale Mikumi, nami nilikuwa mhudumu wake wa vyumba. Hakusema kwa ubaya. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa na F ya Kiingereza, na F haifichiki. Lakini iliniuma. Nikamwambia naenda kurisiti, niurudie mtihani wa Kiingereza. Akacheka, akasema nikifaulu nirudi. Nikajisemea, tutaona. Nikarudi kwetu Kilosa na kamusi ya mtumba kwenye begi, ile ya Kiingereza kwa Kiingereza, nzito kama tofali.

Nyumbani mpunga ulikuwa umetoa masuke, na kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaotua kwa maelfu, walishaanza kuonekana. Mama alikuwa na goti bovu, hivyo tukagawana zamu: yeye asubuhi, mimi kuanzia adhuhuri mpaka jua lizame. Alipoiona kamusi alitoa sharti moja tu.

"Soma utakavyo. Lakini jaruba moja la mpunga likiliwa, kitabu hicho nakifungia sandukuni, na habari za mtihani basi."

Nilianza na neno set. Herufi tatu tu, lakini lilijaza kurasa nyingi kuliko neno lolote nililoliona humo. Mimi ni mbishi tangu utotoni. Nikasema nikimweza huyu, wengine watanyooka wenyewe. Basi nikakaa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, nikafunga kamba ya makopo kwenye kifundo cha mguu ili mikono ibaki na kamusi. Nikimaliza maana moja, napiga teke, makopo yanalia shamba zima. Jua kuzama, teke. Kuandaa meza, teke. Kuunga mfupa uliovunjika, teke. Kutega mtego, teke. Saruji kuganda, teke.

Siku ya nne niliruka mpaka chini kabisa, kwenye asili yake. Kumbe ni maneno mawili yenye koo tofauti! Moja ni la Waingereza wenyewe wa kale, na lilimaanisha kukalisha kitu mahali. Jingine lilitoka Kilatini likapitia kwa Wafaransa, nalo lilikuwa kundi la watu wanaomfuata mtu mmoja. Yameishi jirani miaka mingi mpaka yakafanana sura. Nilisoma sehemu ile mara tatu, nikipiga teke kila nilipofika mwisho.

Nilipoinua macho, kwelea walikuwa wametua hatua chache tu kutoka kwenye makopo. Nikapiga teke. Hawakushtuka. Siku nne nzima nilikuwa nikipiga kwa mwendo uleule, nao wakajifunza kwamba kelele ile haiwafuati. Jaruba la mwisho lilibaki makapi matupu.

Mama alikuja, akasugua suke moja viganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu, nikampa kamusi. Nililia, siwezi kusema uongo, na nililia kwa hasira kuliko huzuni. Hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Kesho yake nilipanda dunguni mikono mitupu. Sikuwa tayari kushindwa na ndege. Maana kumi na tisa nilizokwisha kusoma zilikuwa kichwani, na hakuna wa kuzifungia humo. Nikasimama nikazitamka kwa kelele, bila mpangilio, nikigeuka mara huku mara kule, nikizitaja mara mbilimbili nisije nikazisahau. "Set, unga mfupa! Set, jua linazama!" Kundi zima likaondoka. Jirani yetu wa jaruba la pili akaniuliza kama huyo Seti ni mchumba aliyenikimbia. Nikamjibu kwamba huyo hanikimbii tena, nimeshamshika. Mama alikuwa kibandani akichambua mboga. Alisikia yote, siku ile na siku zilizofuata.

Asubuhi moja nilimpelekea uji kwenye zamu yake. Kabla sijatokeza shambani nikasikia sauti.

"Seti, andaa meza! Seti, tega mtego!"

Alikuwa mama yangu, aliyeishia darasa la nne, kasimama dunguni juu ya goti lile bovu, anapunga khanga hewani. Nikatokeza na uji wangu kutoka nyuma ya mahindi ya kandokando ya shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuona aibu hata kidogo. Alishuka taratibu, akapokea uji, akanywa funda mbili. Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo wa sanduku, akauweka kiganjani mwangu.

"Ndege wameshazizoea hizi kumi na tisa," alisema. "Kakilete kitabu. Ya ishirini ni ipi?"