Mfichaji wa Kipindi

Mfichaji wa vitu katika kipindi kile cha televisheni ya Baghdad alikuwa na mikono isiyotulia. Akishaficha kitana au kijiko, alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena. Washindani, waliokulia mchezo wa kutafuta pete iliyofichwa katika ngumi za watu kila Ramadhani, hawakupekua fanicha. Walimsoma yeye, uso na mikono.

"Wakikusoma leo tena, kazi huna," mtangazaji alimwonya.

Basi Nidhali, mpambaji wa studio, akaificha mwenyewe pete, kitu cha siku hiyo, asimwambie mfichaji mahali. Mama mmoja mshindani akamkazia mfichaji macho.

"Nitazame, mwanangu. Iko wapi?"

"Wallahi, mama, leo hata mimi sijui."

Kengele ya mwisho ikalia, pete haijaonekana. Kazi ya mfichaji imepona. Watu wakapiga makofi, naye yuko magotini, anapapasa chini ya kochi, akiitafuta pete.